Hatukuoana, tuliishi pamoja: naweza kuomba makazi ya kudumu Kanada?

Swali: Jambo papa. Mimi ni mama wa miaka 34, niko hapa Lubumbashi, kartye Bel-Air. Niliishi miaka mitatu na Mkanada, enjenia wa mgodi, mzaliwa wa Sudbury. Hatukuenda komini wala kanisani, na doti, yaani mahari, haijatolewa. Kontra yake iliisha, amerudi kwao miezi saba iliyopita, na anataka nimfuate pamoja na mtoto wangu wa miaka 11, ambaye baba yake ni mwingine. Familia inasema tufunge ndoa kwa prokirasyo, yaani mtu mwingine asimame mahali pake. Kamisionere mmoja, dalali wa karatasi za viza, anaomba dola 3,000 na anataka niandike kwamba tulioana kwa desturi. Huyo ndiye aliyenijazia fomu ya viza ya kutembea mwaka jana, nikanyimwa. Bila ndoa nina haki yoyote? Na hii nyumba, niiache nirudi kwa wazazi Katuba, au niendelee kulipa?

Jibu: Jambo mama. Ndiyo, unaweza kuomba, na huna haja ya kuazima ndoa. Sheria ya uhamiaji ya Kanada inampokea mwenzi asiyefunga ndoa kwa uzito uleule wa mke au mume. Fomu za Kifaransa zitakuita conjoint de fait: mtu aliyeishi na mwenzake chini ya paa moja, kama mume na mke, kwa miezi 12 mfululizo au zaidi. Ninyi mna miaka mitatu. Kazi iliyobaki ni kuithibitisha miaka hiyo mbele ya ofisa ambaye hajawahi kukanyaga Bel-Air, na hapo ndipo watu wa kwetu huanguka.

Tuweke sawa kwanza nani anaomba nini. Maombi ni mawili, yanatumwa pamoja kupitia tovuti ya wizara ya uhamiaji. Bwana yako anaomba kukubaliwa kuwa mdhamini. Wewe unaomba makazi ya kudumu. Kwa kuwa ni raia, angeweza kukudhamini hata akiwa bado huku Katanga, mradi aonyeshe kwamba mtaenda kuishi Kanada ukishapata karatasi. Angekuwa mkazi wa kudumu tu, ingembidi awe ndani ya Kanada. Mshahara wake hautawekewa kima cha chini, na watu wakisikia hivyo hudhani nawadanganya. Kinachotakiwa ni asiwe anaishi kwa msaada wa serikali, isipokuwa kwa sababu ya ulemavu. Atatia sahihi ahadi ya kukutunza miaka mitatu tangu siku utakapopata ukazi, na ahadi hiyo inabaki shingoni mwake hata mkigombana wiki ya pili. Muulize neno moja bila haya: aliwahi kumdhamini mke mwingine? Kama miaka mitatu ya yule haijaisha, zamu yako haijafika.

Kwamba anaishi Sudbury, mkoa wa Ontario, ni bahati yenu. Québec ina hatua yake ya ziada, na kuanzia 26 Juni 2024 iliweka kikomo cha maombi 13,000 ya kuunganisha familia kwa miaka miwili. Wenye wapenzi Montréal wanajua nisemacho.

Sasa hiyo ndoa ya prokirasyo. Najua inavyofanywa: mdogo wa bwana anasimama mahali pake, mashangazi wanapiga vigelegele, picha zinaruka kwa WhatsApp kabla bukari haijapoa. Kwa familia ni furaha ya kweli, sitaidharau. Lakini tangu 11 Juni 2015 Kanada haitambui, kwa ajili ya uhamiaji, ndoa ambayo mmoja wa wawili hakuwapo mwenyewe, iwe imefungwa kwa wakala, kwa simu au kwa intaneti. Mtatumia pesa ya sherehe mpate karatasi isiyofungua kitu. Tena ofisa atajiuliza: hawa walikaa miaka mitatu nyumba moja bila kwenda komini, kwa nini wakimbilie ndoa baada ya mmoja kupanda ndege? Akija likizo, mkasimama wote wawili mbele ya ofisa wa hali ya kiraia pale komini, hiyo itakuwa ndoa halali na ombi litakuwa la mke. Mkitaka kuoana, oaneni. Ila msifanye kwa ajili ya faili, maana faili lenu linaweza kusimama bila hiyo.

Ushauri wa kamisionere ndio unaoniudhi. Ndoa ya desturi kwetu si neno la kuandika tu. Kanuni ya Familia ya Kongo, yaani sheria ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka doti, na inataka ndoa iliyofungwa katika familia iandikishwe kwenye hali ya kiraia. Wewe umeniambia mwenyewe kwamba doti haijatolewa. Sasa utaonyesha nini? Atakuuzia ateste, yaani cheti, yenye mhuri, na ateste hiyo itakutana na ofisa anayezisoma kila siku. Uongo katika ombi ukigunduliwa, Kanada inakufungia mlango miaka mitano. Atakayefungiwa ni wewe, si yeye. Yeye atakuwa ameshahama namba ya simu.

Kuna wasomaji wengine walio katikati: doti ilitolewa, mbuzi alichinjwa, lakini hawakufika komini. Hao waeleze mambo kama yalivyo: tuliishi pamoja tangu mwezi fulani, familia zilikutana siku fulani, ndoa haikuandikishwa. Waombe kama wenzi wa kuishi pamoja, na ile barua ya doti iwe ushahidi mmojawapo kwamba familia inawajua.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza. Baba wa mtoto uliishi naye? Kipimo kile kinachokusaidia leo kinarudi nyuma pia. Kama ulikaa naye nyumba moja mwaka au zaidi, mbele ya Kanada huyo ni mwenzi wako wa zamani, na fomu inauliza juu ya ndoa za zamani pamoja na wenzi wa zamani. Akina mama wengi huandika «hakuna» kwa sababu komini haina jina la yule bwana. Andika mlianza lini na mlitengana lini. Na hata kama aliandikisha ndoa nawe na talaka haijatoka, bado si mwisho wa safari: Kanada inaweza kukubali mwenzi mpya wakati ndoa ya kwanza ilikwisha kuvunjika na watu wanaishi mbalimbali mwaka mzima au zaidi. Ila lazima isemwe na ithibitishwe.

Ile fomu ya viza ya mwaka jana inanitia wasiwasi kuliko doti. Kama kamisionere aliandika kwamba hujaolewa na huna mwenzi, wakati ulikuwa unaishi na bwana, sasa unakuja kusema mlikuwa pamoja tangu miaka mitatu, karatasi mbili zako zinagombana. Usikisie alichoandika. Bwana yako, akiwa Kanada, anaweza kuomba nakala ya faili lako la viza kwa sheria ya upatikanaji wa habari: dola 5 za Kanada, pamoja na fomu ya ridhaa uliyotia sahihi wewe. Majibu yakija mtajua. Kama kuna kosa, weka barua ya ukurasa mmoja, useme nani alijaza fomu, nini kilikosewa, ukweli ni upi. Ofisa anayepata maelezo kabla hajauliza husoma kurasa zinazofuata kwa moyo mwingine.

Bwana yako naye achunguzwe upande wake. Wakanada hujaza fomu ya kodi kila mwaka, na fomu hiyo inauliza hali ya mtu: ana mke, ana mwenzi wa kuishi pamoja, au yuko peke yake. Kama kwa miaka mitatu ya Bel-Air alijiandika mseja, alikosea, na arekebishe kwa ofisi ya kodi kabla ombi halijatumwa. Wewe kuandikwa célibataire, yaani mseja, kwenye karatasi za Kongo si kosa, kwa sababu hali ya kiraia ya kwetu haina kisanduku cha mtu anayeishi na mwenzake bila ndoa. Tofauti hiyo ielezwe kwa sentensi mbili katika barua yenu, basi.

Tuje kwenye ushahidi, maana hapa ndipo faili linapona au linapokufa. Ndoa inajieleza kwa karatasi moja. Kuishi pamoja kunajieleza kwa vikaratasi vingi vidogo, ambavyo sisi huvitupa. Nyumba za maenjenia wa kigeni mara nyingi hukodishwa na kampuni, kwa hiyo kontra haina jina lako, pengine haina hata la kwake. Usikate tamaa kwa hilo. Kampuni inaweza kuandika kwamba nyumba namba fulani, avenyu fulani, alipewa yeye kuanzia tarehe fulani. Mkuu wa kartye anaweza kuthibitisha kwamba na wewe ulikaa hapo. Zamu aliyelinda lango miaka miwili anaweza kutoa tamko lake, pamoja na kopi ya kadi yake ya mpiga kura. Kliniki uliyotibiwa, shule ya mtoto, dereva aliyempeleka: popote ulipotaja anwani ile kuna karatasi. Na kama bwana alikuandikisha kazini kama mtu wa kuitwa akipata ajali, hiyo nakala ni dhahabu, kwa sababu iliandikwa siku ambayo hakuna aliyekuwa akifikiria Kanada.

Sifa hiyo ndiyo ninayoitafuta katika kila karatasi: je, iliandikwa kabla ya kuhitajika? Faili lililonikaa kichwani kuliko yote lilikuwa na kaye, yaani daftari, ya matumizi ya jikoni, ya karatasi za miraba, jalada limelowa mafuta. Mwanamke aliandika kwa bic ya bluu: unga, sombe, makala. Mwanaume aliandika kwa nyeusi: petroli ya jenereta, maji ya kunywa, umeme. Miandiko miwili ilipokezana mstari kwa mstari miezi kumi na minne, kila siku na tarehe yake, na mahali fulani mwanaume alikuwa ameuliza pembeni kwa Kifaransa kibovu kwa nini nyanya zimepanda bei. Tulipiga fotokopi kurasa nane tu. Sijaona picha ya harusi inayosema mengi kama zile nyanya.

Kama huna kaye, una simu. Chukua historia ya M-Pesa au Airtel Money ya miaka ile, uonyeshe pesa iliyotoka kwake kuja kwako na matumizi ya nyumba. Risiti za umeme wa kulipia mbele zinatoka kwenye karatasi laini ambayo wino wake hufifia kwa joto; nyingine nimeletewa zimebaki nyeupe kama kitambaa cha meza. Zipige picha leo jioni, halafu fotokopi. Picha zenu pamoja orodha ya hati inataka zisizidi 20, na kwa mawasiliano ya wakati mko mbali, kurasa 10. Kuna watu wameprinti kurasa mia nne za WhatsApp, «umekula?» «nimekula». Chagua kurasa zinazoonyesha maisha: homa ya mtoto, ugomvi wa pesa, mipango ya safari, siku aliyofiwa na mzazi. Ugomvi pia ni ushahidi. Picha zisiwe zote za mkao wa studio; weka ile ya Pasaka kwa wazazi wako Katuba, ambapo bwana amevaa kandambili na hakuna anayetazama kamera.

Karatasi za Kifaransa hazihitaji kutafsiriwa, Kanada inasoma Kifaransa na Kiingereza. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakilipishwa kutafsiri ateste za komini kwenda Kiingereza bila sababu yoyote. Kinachohitaji tafsiri ni Kiswahili chetu: barua ya mchungaji, ujumbe wa mama yako kwa mkwe.

Katika fomu zenyewe, mbili ndizo zenye uzito kwenu. IMM 5532 inauliza hadithi ya uhusiano: mlikutana wapi, nani anawajua, lini mlianza kuishi pamoja. IMM 5409 ni tamko la kiapo la kuishi pamoja bila ndoa. Jazeni kila mmoja kwake, kisha linganisheni kwa simu. Tarehe zikitofautiana siku tano hakuna kesi. Zikitofautiana miezi mitano, kaeni chini mkumbuke vizuri. Wala msikariri majibu kama katekisimu, ofisa akiwaita mahojiano atasikia.

Swali la miezi saba ya kutengana limo ndani ya swali lako, ingawa hukulitaja. Miezi 12 lazima iwe mfululizo, lakini mfululizo haina maana ya kutolala nje hata usiku mmoja. Kama kazi yake ilikuwa ya rotasyo, wiki kadhaa mgodini na wiki kadhaa nyumbani, au alikwenda kwao Noeli akarudi, hizo ni safari fupi na hazivunji hesabu. Na mwaka wa kwanza ukishatimia, wenzi wanaweza kutenganishwa na kazi, ugonjwa wa ndugu au hali mbaya ya nchi, wakabaki wenzi, mradi waonekane kwamba wanakusudia kurudi chini ya paa moja. Kwa hiyo miezi saba haikuui. Lakini kadiri mnavyokaa mbali bila kuonana, ndivyo inavyokuwa vigumu kusema mnaishi pamoja. Akiweza kuja hata wiki tatu, aje, na atunze vipande vya tiketi. Na msikimbilie kisanduku cha partenaire conjugal. Hicho kimewekwa kwa walioshindwa kuishi pamoja kwa kizuizi kisicho mikononi mwao. Ninyi mliishi pamoja, kisanduku chenu ni kile cha conjoint de fait.

Mtoto. Ana miaka 11, yuko chini ya 22 na hana mke, basi anaingia katika ombi lako. Mwandike hata kama mngeamua abaki kwanza kwa bibi yake, na apimwe afya kama wewe. Mtoto aliyefichwa au aliyesahauliwa wakati wa ombi la mama, baadaye kwa kawaida mama hawezi kumdhamini kwa njia ya familia. Nimeona machozi mengi kwa ajili ya kisanduku kimoja kilichoachwa wazi. Tafuta cheti chake cha kuzaliwa. Kama hakuandikishwa ndani ya siku 90, utahitaji hukumu ya kujazia, yaani ya mahakama kuziba pengo la cheti, na hiyo inakula muda, ianze sasa. Baba yake atie sahihi fomu IMM 5604 ya kuruhusu mtoto ahame, na kopi ya kitambulisho chake. Akikataa au akiwa hajulikani aliko, nenda mahakamani kutafuta hukumu ya ulezi, usimtafute mjomba wa kuiga sahihi. Alama za vidole mtoto hatatoa, zinaanza miaka 14. Wewe utazitoa Kinshasa, kwenye kituo cha viza, ukishapata barua ya kukuita, kwa hiyo weka kando pesa ya ndege.

Kuhusu pesa, kiwango kilichoanza 30 Aprili 2024 kilikuwa dola 1,205 za Kanada kwa mwenzi, haki ya ukazi ikiwemo, na 85 za alama za vidole. Ada hizo huangaliwa upya kila miaka miwili, na ya mtoto inaongezwa juu. Daktari ni yule tu aliye kwenye orodha ya Kanada, na kipimo kinadumu miezi 12, usipime kabla hujaambiwa. Casier judiciaire, yaani hati inayoonyesha kama una rekodi ya makosa, ni ya hapa, na ya nchi nyingine yoyote uliyokaa miezi sita mfululizo katika miaka kumi iliyopita; kama ulifanya biashara ukakaa Ndola au Johannesburg, itafutwe. Anayelipwa kukushughulikia faili lazima awe mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa Kanada, na jina lake liandikwe kwenye fomu IMM 5476. Muulize kamisionere kama yuko tayari kuandikwa. Utaona atakavyokumbuka ghafla ana miadi mjini.

Mkinyimwa, bwana yako ana siku 30 za kukata rufaa tangu apate sababu za kukataliwa. Mkikubaliwa, usisikilize wanaosema kwamba lazima mkae pamoja miaka miwili la sivyo unarudishwa. Sharti hilo liliondolewa Aprili 2017. Ili usipoteze ukazi, la kutunza ni siku 730 ndani ya Kanada katika kila miaka mitano. Na kama mgodi utamwita tena Kolwezi nawe ukaja naye, siku hizo za kuwa na mwenzi aliye raia zinahesabiwa kama za Kanada.

Sasa nyumba. Kurudi Katuba hakuharibu kitu, kodi ya Bel-Air nayo najua ilivyo. Lakini usikabidhi ufunguo kabla mwenye nyumba hajaandika na kutia sahihi: majina yenu wawili, tarehe mliyoingia, tarehe unayotoka, na sababu, yaani bwana alirudi kwao baada ya kontra na wewe unasubiri kumfuata. Pitia kwa mkuu wa kartye siku hiyohiyo akupe ateste, kwa sababu ukihama atakuambia uende kwa mkuu wa kule. Vitu vyake alivyoacha, nguo, buti za mgodi, vitabu, vihamishe nawe na upige picha vikipakiwa. Mwenye nyumba akisema ataandika kesho, mwambie ufunguo nao utaletwa kesho.